Rais, Waziri Mkuu au Wote Wawili? Kila Mfumo wa Demokrasia Una Bei Yake

Mwaka 2022 Uingereza ilikuwa na mawaziri wakuu watatu: Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak. Truss alikaa madarakani kwa muda usiofika siku 50. Mabadiliko yote hayo yalitokea bila uchaguzi mkuu.

Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Wakenya walimchagua William Ruto kuwa rais kwa tofauti ya kura zipatazo 233,000 dhidi ya Raila Odinga. Miaka miwili baadaye vijana walijaa barabarani kupinga muswada wa fedha. Rais aliuondoa muswada huo na kuwafukuza karibu mawaziri wake wote, lakini yeye alibaki, kwa sababu muda wake ulikuwa bado.

Nchi zote mbili zinaitwa za kidemokrasia. Kwa nini basi huku mkuu wa serikali anaondoka ndani ya wiki chache, na kule anakaa mpaka miaka yake iishe? Jibu liko kwenye katiba, yaani namna kila nchi ilivyoamua nani amwajiri kiongozi na nani anaweza kumwachisha kazi.

Mjadala wa katiba unaposikika redioni, wengi huona ni mambo ya wanasheria. Lakini mfumo wa serikali ndio unaoamua kama mbunge wako atakuogopa wewe au atakiogopa chama chake, kama kura yako itahesabika mgombea wako akishindwa, na kama kuna njia ya amani ya kumwondoa kiongozi aliyeharibu. Tuipitie mifumo mikuu tukitazama faida na hasara ya kila mmoja.

Mfumo wa rais

Katika mfumo huu wananchi humchagua rais kwa kura yao, na rais ndiye mkuu wa nchi na pia mkuu wa serikali. Bunge huchaguliwa kwa kura nyingine. Marekani na Kenya zinafuata mfumo huu, na Tanzania pia kwa sehemu kubwa.

Faida yake ya kwanza ni kwamba mwananchi anajua anayemchagua. Jina na picha viko kwenye karatasi ya kura. Faida ya pili ni utulivu, kwa kuwa rais ana muda uliopangwa na wabunge hawawezi kumwondoa asubuhi moja kwa sababu wamekasirika.

Hasara yake ni upande wa pili wa faida hiyohiyo. Rais akiharibu, kumwondoa ni kazi nzito. Tanzania, ibara ya 46A ya Katiba inataka theluthi mbili ya wabunge wote. Kenya inahitaji theluthi mbili ya Bunge la Taifa, kisha theluthi mbili ya Seneti. Marekani marais watatu wamewahi kushtakiwa na Baraza la Wawakilishi, mmoja wao mara mbili, na Seneti haijamwondoa hata mmoja. Kenya iliwahi kutumia njia ya namna hiyo Oktoba 2024, lakini aliyeondolewa ni Naibu Rais, Rigathi Gachagua, si rais.

Hasara nyingine ni kwamba mshindi huchukua vyote. Nafasi ya juu ni moja tu, na aliyepata asilimia 49 hana cha kugawiwa. Mahali ambapo siasa imefungamana na kabila au eneo, hali hiyo hufanya uchaguzi uonekane kama vita. Kenya iliona hayo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,000 walipouawa. Ili kuzima moto huo, mwaka 2008 ilibidi kibuniwe cheo cha Waziri Mkuu ili Mwai Kibaki na Raila Odinga watawale pamoja.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilijaribu kupunguza hatari hiyo. Mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Maana yake ni kwamba mgombea hawezi kushinda kwa kutegemea nyumbani kwao peke yake. Tanzania nayo ilikuwa na sharti la zaidi ya nusu katika uchaguzi wa 1995, lakini mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliliondoa. Sasa anayewazidi wenzake kwa kura ndiye mshindi, hata asipofika nusu.

Kuna pia tatizo la mkwamo. Rais anaweza kutoka chama hiki na bunge likashikwa na chama kile, na kila upande ukadai umetumwa na wananchi. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, sehemu ya serikali ya Marekani ilifungwa kwa siku 35 kwa sababu rais na bunge hawakuelewana kuhusu bajeti. Watumishi wengi wa serikali walikosa mishahara katika kipindi hicho.

Mfumo wa bunge

Hapa mwananchi hapigi kura ya kumchagua mkuu wa serikali. Anachagua wabunge, na wabunge ndio wanaompata mkuu wa serikali. Mkuu huyo hubaki kazini maadamu wabunge walio wengi wanamwamini. Imani hiyo ikiisha, naye safari yake imeisha.

Uingereza ndiyo mfano unaojulikana zaidi, lakini Afrika ina mifano yake. Afrika Kusini ina mtu anayeitwa rais, na wengi hudhani amechaguliwa moja kwa moja na wananchi. Sivyo. Anachaguliwa na Bunge lenye wabunge 400. Ndiyo sababu Thabo Mbeki mwaka 2008 na Jacob Zuma Februari 2018 waliachia madaraka kabla ya muda, chama chao cha ANC kilipowataka waondoke. Hapakuwa na mapinduzi wala risasi.

Hiyo ndiyo nguvu ya mfumo huu. Kiongozi aliyechoka au aliyechafuka anaweza kuondolewa haraka, na nchi ikaendelea. Pia unawalazimisha wanasiasa kukaa mezani. Mei 2024 ANC kilipata takriban asilimia 40 tu ya kura, kwa mara ya kwanza chini ya nusu tangu 1994. Ili Cyril Ramaphosa achaguliwe tena, ilibidi chama chake kikubaliane na wapinzani wake wa siku nyingi, kikiwemo chama cha DA, na kuwapa nafasi serikalini.

Hasara yake ni kwamba uamuzi mkubwa unaweza kufanywa bila wewe. Waingereza hawakuulizwa kama wanamtaka Truss wala Sunak. Chama tawala ndicho kilichoamua. Pia pale vyama vinapokuwa vingi na hakuna mwenye wingi wa viti, kuunda serikali kunaweza kuchukua muda mrefu mno. Ubelgiji ilikaa siku 541 kati ya 2010 na 2011 bila serikali kamili, kwa sababu vyama vilishindwa kuelewana.

Ujerumani ilitafuta dawa ya serikali kuangushwa ovyo. Katiba yake inasema wabunge hawawezi kumwondoa Kansela mpaka wawe wameshakubaliana nani achukue nafasi yake. Tangu sheria hiyo iwepo imefanikiwa mara moja tu, mwaka 1982, Helmut Schmidt alipoondolewa na Helmut Kohl akaingia siku hiyohiyo. Huwezi kubomoa nyumba kabla ya kuonyesha utakapolala.

Rais na Waziri Mkuu kwa pamoja

Mfumo wa tatu unachanganya hiyo miwili. Wananchi wanamchagua rais, lakini pia yupo waziri mkuu anayetegemea imani ya bunge. Ufaransa inafuata mfumo huu, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliuchukua katika Katiba yake ya 2006.

Ukienda vizuri, rais anashughulikia mwelekeo wa nchi na mambo ya nje, na waziri mkuu anaendesha kazi za kila siku. Mambo yakiharibika, waziri mkuu anaondolewa bila nchi kumpoteza rais. Desemba 2024 wabunge wa Ufaransa walimwangusha Waziri Mkuu Michel Barnier, lakini Rais Emmanuel Macron alibaki.

Ugumu unakuja pale rais anapokuwa wa upande mmoja na wabunge wengi wa upande mwingine. Kongo ilipitia hayo baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Félix Tshisekedi aliapishwa kuwa rais Januari 2019, lakini wabunge wengi walikuwa wa kambi ya Joseph Kabila, rais aliyemtangulia. Serikali kamili ilitangazwa Agosti, miezi saba baadaye. Desemba 2020 ushirikiano huo ulivunjika, na mwezi uliofuata wabunge wakapiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga. Katika muda wote huo mwananchi wa Goma au Lubumbashi alikuwa na haki ya kuuliza: nani hasa anatawala, na nimlaumu nani?

Tanzania ina waziri mkuu pia, lakini usichanganye. Waziri Mkuu wa Tanzania anateuliwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge, na Rais ndiye mkuu wa serikali. Bunge linaweza kumpigia Waziri Mkuu kura ya kutokuwa na imani, na Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Lakini Waziri Mkuu akiondoka, Rais anateua mwingine. Uongozi wa juu haubadiliki.

Kura yako inahesabiwaje?

Kujua aina ya serikali ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti.

Chukua jimbo lenye wapiga kura 10,000. Mgombea wa kwanza anapata kura 4,000, wa pili 3,500, wa tatu 2,500. Kwa utaratibu wa Tanzania, Kenya na Uingereza, wa kwanza ndiye mbunge. Lakini watu 6,000 hawakumchagua, na kura zao haziendi popote.

Ukijumlisha majimbo yote, matokeo yanaweza kushangaza. Botswana ilifanya uchaguzi Oktoba 2024. Chama cha BDP, kilichotawala tangu uhuru wa 1966, kilipata takriban asilimia 30 ya kura lakini viti vinne tu kati ya 61. Muungano wa UDC ulipata takriban asilimia 37 ya kura na ukachukua viti 36. Chama cha BCP, kilichopata kura chache kuliko BDP, kikapata viti 15. Hakuna aliyeiba. Ndivyo utaratibu wa mshindi wa jimbo kuchukua kiti unavyofanya kazi.

Njia nyingine ni ya uwiano, yaani chama kilichopata asilimia 20 ya kura nchi nzima kinapata karibu asilimia 20 ya viti. Afrika Kusini inafanya hivyo. Kura chache sana zinapotea, na vyama vidogo vinasikika. Lakini wabunge wengi wanatoka kwenye orodha ya chama, hawana jimbo lao. Kisima cha kijiji kikikauka, ni mbunge gani utakayemfuata? Na mbunge anayejua kwamba jina lake limewekwa kwenye orodha na viongozi wa chama, atamsikiliza nani kwanza: wewe au wao?

Lesotho ilijifunza somo hili kwa machungu. Mwaka 1998 chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura lakini kikachukua viti 79 kati ya 80. Wapinzani walikataa matokeo, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia nchini, na sehemu ya mji wa Maseru ikachomwa. Baada ya hapo nchi ilibadili utaratibu. Kuanzia uchaguzi wa 2002, Bunge lina viti 120: wabunge 80 wa majimbo, na viti 40 vya kufidia vyama ambavyo kura zao zilipotea majimboni. Hivyo mwanakijiji ana mbunge wake wa kumfuata, na aliyeshindwa naye ana sauti bungeni. Bei yake ni serikali za mseto zilizovunjika mara kwa mara. Nchi ilifanya uchaguzi mkuu mwaka 2012, ukaja mwingine 2015, na mwingine tena 2017.

Kugawana madaraka: mfano wa Zanzibar

Kwa miaka mingi uchaguzi wa Zanzibar ulikuwa wa tofauti ndogo na uhasama mkubwa. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano ya kupinga matokeo. Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na takriban theluthi mbili wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Miezi michache baadaye Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.1. Zamani matokeo ya namna hiyo yangeleta balaa. Safari hii Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na visiwa vikatulia.

Lakini utaratibu huo nao una udhaifu. Wote wakiwa serikalini, nani atabaki kuikosoa serikali? Na unategemea uchaguzi unaokubalika. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa, CUF kilisusia ule wa marudio wa Machi 2016, na ushirikiano ukakatika. Ulirudi Desemba 2020, safari hii na chama cha ACT-Wazalendo.

Kwa nini wananchi wasiamue wenyewe?

Uswisi inakaribia hapo. Wananchi wakikusanya saini 50,000 ndani ya siku 100, sheria iliyopitishwa na bunge lazima ipigiwe kura na watu wote. Wakikusanya saini 100,000 ndani ya miezi 18, wanaweza kupeleka pendekezo lao la kubadili katiba likapigiwa kura. Na badala ya kumpa mtu mmoja madaraka makubwa, serikali inaongozwa na watu saba kwa pamoja.

Ni mfumo unaompa mwananchi heshima kubwa. Lakini walio wengi nao wanaweza kukosea au kuonea. Mwaka 1959 wanaume wa Uswisi, ambao ndio peke yao walikuwa na kura, walikataa kuwapa wanawake haki ya kupiga kura. Walikubali mwaka 1971. Haki ya mtu haipaswi kusubiri mpaka jirani zake waipende.

Karatasi na ukweli

Mfumo wowote unaweza kuonekana mzuri kwenye kitabu. Unapimwa na vitu vitatu: tume ya uchaguzi inayoaminika, mahakama isiyoogopa, na wagombea walioruhusiwa kushindana.

Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais na kuamuru urudiwe. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama Afrika kufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Tanzania, ibara ya 41(7) ya Katiba inasema rais akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Na katika uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 29, 2025, CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, hakikuwa kwenye karatasi ya kura. Pale ambapo mshindani hayumo, swali la mfumo wa rais au wa bunge halina uzito mkubwa, kwa sababu mpiga kura hana cha kulinganisha.

Maswali matano ya kuuliza

Utakaposikia mwanasiasa anasema mfumo fulani ndio suluhisho la matatizo yote, iwe kwenye mkutano wa hadhara au kwenye kipindi cha redio, muulize haya:

1. Mkuu wa serikali atachaguliwa na nani, mimi au wabunge?
2. Akiharibu kabla ya muda wake kuisha, nani anaweza kumwondoa, na kwa kura ngapi?
3. Kura za walioshindwa zitakwenda wapi?
4. Nitakuwa na mbunge ninayeweza kumfuata, na nani ataweza kumnyima kiti, mimi au chama?
5. Matokeo yakibishaniwa, nani ataamua, na nani amemteua huyo mwamuzi?

Mfumo unaomlinda kiongozi asiyumbishwe ndio huohuo unaomlinda akiharibu. Mfumo unaorahisisha kumwondoa unaweza pia kuleta serikali zinazoanguka kila baada ya mwaka. Anayekutajia faida peke yake bado hajakuambia bei, na bei hiyo mlipaji wake ni wewe unayepanga foleni siku ya kura. Mwache amalize kueleza, kisha rudia swali la pili.